Je, Ni Halali Kuzigeuza Herufi za Uhai?

Mkulima wa Inyonga na mfugaji wa Mpimbwe wanamjua mbung'o kuliko profesa yeyote. Wanajua pori analolipenda na kivuli anachokiotea. Wanajua jinsi ng'ombe aliyeumwa naye anavyokonda siku kwa siku, manyoya yakamsimama, macho yakamtoka machozi, na mwisho akaanguka asiinuke tena. Wazee wanajua pia jambo lililo zito zaidi, kwamba mdudu huyu huyu humtia binadamu malale, ugonjwa unaoanza kwa homa na kuishia katika usingizi usio na kuamka. Basi habari kwamba wataalamu wanatafuta njia ya kumpa ng'ombe kinga ya kuzaliwa nayo, kwa kuzigeuza herufi za urithi zilizoandikwa ndani ya mwili wake, si habari ya mbali kwa watu wa Katavi. Ni habari ya zizi lao.

Lakini habari hiyo ikifika barazani, swali hufuata nyuma yake. Je, ni halali? Mwenyezi Mungu akiisha kumwumba ng'ombe kuwa ng'ombe na nyani kuwa nyani, mtu ni nani hata atwae kilicho cha huyu akakitie katika yule? Swali hili ni la haki, wala hatutalidharau. Wapo wanaolijibu kwa haraka wakisema kwamba kila kilichogunduliwa na sayansi ni chema. Wapo wanaolijibu kwa haraka ile ile wakisema kwamba ni kufuru. Majibu yote mawili yana kosa moja: yanahukumu kabla ya kufahamu. Nasi yatupasa kufahamu kwanza, ndipo tuhukumu.

Kazi yenyewe ni nini

Kila kiumbe hai, tangu mhindi hata tembo, huchukua ndani ya seli zake uzi mrefu, mwembamba mno, uitwao DNA. Katika uzi huo yameandikwa maagizo ya kuujenga na kuutunza mwili, nayo yameandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwa kwa mpango mbalimbali. Sehemu ya uzi yenye agizo lake huitwa kinasaba. Uzi wa kimelea kiletacho malale ulisomwa na kutangazwa mwaka 2005; una herufi zipatazo milioni 26. Uzi wa mbung'o mwenyewe, yule wa mapori ya miombo kama yetu, ulitangazwa mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka kumi. Una herufi zipatazo milioni 366.

Uzi mrefu namna hiyo haushikiki, na ukishikwa hukatika. Kwa hiyo wataalamu huugawa vipande, na kila kipande hukitia ndani ya bakteria aitwaye E. koli. Bakteria huyu huishi matumboni mwetu sote, na jamaa zake wengi hawatudhuru. Mganga Theodor Escherich alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885, mwaka ule ule Mapadre Weupe walipokabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika. E. koli huongezeka kwa kujigawa, na akipata chakula na joto la kufaa hujigawa kila baada ya dakika ishirini hivi. Kila ajigawapo, kipande alichotiliwa nacho hunakiliwa. Chupa moja ikilala usiku kucha, asubuhi yake kuna nakala zisizohesabika za kipande kile kile.

Zamani vipande vilivyoweza kuchukuliwa hivyo vilikuwa vifupi. Mwaka 1992 Hiroaki Shizuya na wenzake huko California walitengeneza chombo kinachoweza kuchukua ndani ya bakteria vipande virefu, hata vya herufi laki tatu, bila kuvunjika ovyo. Tangu hapo iliwezekana kukihifadhi kinasaba kizima pamoja na majirani zake wote, wale wanaokiamuru lini kifanye kazi na lini kinyamaze.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kugeuza. Kipande kirefu namna hiyo si rahisi kukikata mahali pamoja tu unapopataka, kwa maana mikasi ya kawaida ya wataalamu hukata kila penye alama yake, na katika kipande kirefu alama ni nyingi. Basi wakaazima vyombo viwili ambavyo maumbile yenyewe huvitumia. Cha kwanza ni transposoni, yaani kipande kidogo cha DNA chenye uwezo wa kuhama na kujipachika mahali pengine katika uzi. Cha pili ni muungano upya, yaani kule kukatwa kwa uzi penye maneno yanayofanana, kisha ncha zake zikaungwa kwa mpango mwingine.

Chukueni mfano wa kamba ndefu yenye fundo jekundu mwishoni mwake. Transposoni huingia katikati ya kamba, mahali popote, nayo imebeba fundo jekundu la pili. Kisha huletwa kimeng'enya kiitwacho Cre, fundi asiye na kazi nyingine ila kuyatafuta mafundo mekundu mawili, kuyakutanisha, kukiondoa kilicho kati yao, na kuziunga ncha. Kamba imefupishwa. Na kwa kuwa katika bakteria huyu transposoni ilijipachika hapa, na katika yule ilijipachika pale, mtaalamu hupata safu nzima ya kamba, kila moja fupi kuliko mwenzake. Akizilinganisha, huweza kujua ni sehemu ipi iliyoondolewa hata kazi fulani ikakoma. Kwa njia nyingine ya muungano upya huweza kuibadili hata herufi moja tu, akaziacha nyingine laki moja zilivyo.

Angalieni vema tulipofika. Hadi hapa hakuna mnyama aliyeteswa wala mtoto wa mtu aliyeguswa. Kuna chupa, kuna bakteria, kuna kipande cha maandishi. Mtaalamu akikosea, huitia chupa katika mvuke mkali, na kosa lake limekwisha. Tunawasihi wasomaji walishike neno hilo, kwamba kosa limekwisha, kwa maana hukumu yote itakayofuata inasimama juu yake.

Je, kugusa kwenyewe ni dhambi?

Katika miaka ya 1940 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Barbara McClintock, aliyachunguza mahindi yenye punje za madoadoa. Kwa uvumilivu mkubwa aliona kwamba madoa yale yalitokea kwa sababu vipande vya urithi vilikuwa vinahama kutoka mahali hadi mahali ndani ya mhindi wenyewe. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakutambua uzito wa neno lake. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel. Ndizo transposoni zile zile. Basi herufi za uhai hazikuchongwa juu ya jiwe mara moja zisisogee tena. Ndani ya gunzi la hindi la shamba letu zimekuwa zikihama tangu kale, bila maabara wala profesa.

Lakini tujihadhari na hoja nyepesi. Wapo wasemao: maumbile yenyewe hugeuza, kwa hiyo nasi tuna ruhusa ya kugeuza. Sivyo. Maumbile huua watoto kwa malaria, wala hakuna mzazi atakayesema kwamba basi kuua ni ruhusa. Maumbile hayana dhamiri, sisi tunayo. Mahindi ya Bibi McClintock yanatufundisha jambo moja tu, kwamba maandishi haya si sanduku lililotiwa muhuri ambalo kulifungua kwenyewe ni kufuru.

Wala Kanisa halikuwa mgeni katika elimu hii. Aliyeweka msingi wake kwa majaribio ya njegere alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, Padre Gregori Mendel, aliyetoa maandiko yake mwaka 1866. Papa Pio XII alizungumza na wataalamu wa elimu ya urithi mwaka 1953. Papa Yohane Paulo II aliwaeleza waganga mwaka 1983 kwamba kuingilia urithi kwa nia ya kuponya kwaweza kuwa kwema, maadamu heshima ya binadamu inalindwa. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alieleza kwamba ni vigumu kutoa hukumu moja ya jumla juu ya viumbe vilivyogeuzwa, na kwamba kila jambo lapaswa kupimwa kwa hali yake. Juu ya wanyama, Katekisimu yafundisha kwamba twaweza kuwatumia kwa mahitaji yetu, lakini kuwatesa pasipo haja ni kinyume cha heshima yetu wenyewe.

Kitabu cha Mwanzo chatuonyesha mtu akipewa bustani kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Asiyelima ameizika talanta yake ardhini. Asiyetunza amejifanya mwenye mali, kumbe ni msimamizi tu. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Usiguse." Wala hatuwezi kusema, "Gusa utakavyo." Twahitaji kipimo.

Kipimo cha marejeo

Kipimo tunachokitoa ni hiki: kadiri tendo lisivyoweza kurudishwa, ndivyo inavyotupasa kuchunguza zaidi, kungoja zaidi, na kuwauliza watu wengi zaidi kabla ya kulitenda. Msimamizi mwaminifu hatendi juu ya mali ya bwana wake jambo asiloweza kulirekebisha, pasipo kwanza kuhakikisha kwamba haja ni ya kweli na kwamba wenye haki wamesikilizwa. Tukiwa na kipimo hicho mkononi, tupande ngazi taratibu.

Daraja la kwanza ni chupa. Tumekwisha kuiona, nayo haituogopeshi.

Daraja la pili ni panya wa maabara. Binadamu hapati nagana ya ng'ombe kwa kuwa damu yake ina kitu kinachovitoboa vimelea na kuviua, na agizo la kukitengeneza kitu hicho limo katika kinasaba kiitwacho APOL1. Lakini kimelea cha malale ya Afrika Mashariki kimepata silaha ya kukishinda kitu hicho. Ndiyo sababu kinatuua. Nyani hakimwezi, kwa maana kinasaba chake kimeandikwa tofauti kidogo na chetu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba panya aliyepewa kinasaba cha nyani aliviangamiza vimelea hivyo, vile vya wanyama na vile vya watu. Panya yu ndani ya tundu. Akikosewa, kosa laishia tunduni. Hata hivyo yeye ni kiumbe mwenye maumivu, na hapo tayari swali limeongezeka.

Daraja la tatu ni ng'ombe. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na wenzake wa Marekani na Uskoti, imekuwa na shauri la kumpa ng'ombe wa Boran kinasaba hicho. Kwa kujaribu njia ya kunakili, alizaliwa huko ndama dume akaitwa Tumaini. Tumaini hakutiliwa kinasaba cha nyani. Alikuwa hatua ya kwanza tu, na ng'ombe mwenye kinga hiyo hajafika mnadani kwetu. Hapa kosa laweza bado kurudishwa, lakini kwa taabu. Ng'ombe huzaa, huuzwa, hutolewa mahari, huvuka mipaka. Akiisha kuingia katika makundi ya Usukuma na ya Rukwa, nani atamtambua na kumwita arudi?

Daraja la nne ni pori. Mbung'o ni mdudu wa ajabu: hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja, na buu huyo hulishwa ndani ya mama yake kwa kitu mfano wa maziwa. Pamoja na maziwa hayo hupokea bakteria waishio ndani ya mama yake. Katika maabara ya Antwerp, Ubelgiji, watafiti wamemgeuza mmoja wa bakteria hao, na katika kazi hiyo transposoni nayo imetumika, wakiwa na lengo kwamba siku moja mbung'o awe mahali pabaya kwa kimelea. Wazo hilo ni la akili sana. Lakini kiumbe kilichogeuzwa kwa makusudi ya kuenea chenyewe porini, kikiachiwa leo Mlele, hakitaomba kibali cha kuingia Tabora, Kigoma, wala Zambia. Wa kuulizwa hapa si wenye maabara tu, wala serikali moja tu.

Daraja la tano ni mtoto wa mtu, pale herufi zinapogeuzwa kabla hajazaliwa, hata watoto wake na wajukuu wake wairithi kazi ya mkono wa mgeni. Mwaka 2018 nchini China walitangazwa watoto pacha waliofanyiwa hivyo, na ulimwengu wa wataalamu wenyewe ulishutumu. Mwaka 2019 aliyetenda alihukumiwa kifungo. Hapa hakuna marejeo kabisa, na wale watakaobeba matokeo hawajazaliwa ili waulizwe. Kwa hiyo Kanisa linasema kwamba hapa pasipitwe.

Herufi sita

Msomaji aweza kuuliza kama hofu hii si ya bure. Na tuchukue mfano kutoka kinasaba kile kile cha APOL1. Katika watu wenye asili ya Afrika ya magharibi wapo wengi waliorithi maandishi yake yakiwa yamebadilika kidogo. Mojawapo ya mabadiliko hayo ni kukosekana kwa herufi sita, wala si zaidi. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba damu yenye badiliko hilo yaweza kukiua kimelea cha malale ya Afrika Mashariki. Ni zawadi kubwa. Lakini walitangaza pia kwamba mtu aliyerithi mabadiliko ya namna hiyo kwa baba na kwa mama yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa na mafigo.

Herufi sita tu, na katika mizani upande mmoja umewekwa usalama wa malale, upande wa pili mafigo ya mtu. Gharama hiyo ilikuwa imelipwa na familia kwa vizazi vingi pasipo mtu kuijua sababu yake. Badiliko hili halikufanywa na mtaalamu; lilitokea lenyewe. Lakini latufundisha unyenyekevu. Mtu asome maandishi hayo kwa kuijua herufi yake, hata hivyo aweza kutolijua neno lote, wala ukurasa wa nyuma.

Mlinzi mbaya wa pori

Kwetu Katavi pana gharama nyingine isiyosomeka katika maabara yoyote. Mbung'o ni adui. Lakini adui huyu amekuwa pia mlinzi. Ni yeye kwa sehemu kubwa aliyewazuia watu na mifugo wasiyajaze mapori ya miombo, hata yakabaki mahali pa nyati, tembo na mizinga ya nyuki. Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliwekwa mwaka 1974 katika nchi ambayo mbung'o alikuwa ameilinda kwa namna yake mbaya.

Sasa fikirini. Ng'ombe asiyeogopa mbung'o ataweza kwenda popote penye majani. Tayari wafugaji wengi wamehamia kwetu na makundi yao. Tayari mkulima na mfugaji wanagombania maji. Tayari Mto Katuma unapungua wakati wa kiangazi hata viboko wakasongamana katika tope karibu na Sitalike. Mlinzi mbaya akifukuzwa kazini, hapana budi mwingine ashike zamu. Nani ataishika? Profesa wa Nairobi hawezi kuamua jambo hilo, wala kijiko chake hakipimi maji ya Katuma. Ni halmashauri zetu, vijiji vyetu, na dhamiri zetu. Anayetaka kinga ya ng'ombe pasipo sheria ya malisho anataka nusu ya jambo, na nusu hiyo yaweza kuwa msiba.

Tulivyokwisha kuhamishwa

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa magharibi kutendewa jema pasipo kuulizwa. Katika miaka ya 1920 na 1930, malale yalipoenea, serikali ya Kiingereza iliwakusanya maelfu ya watu wa Tanganyika ya magharibi katika makazi ya pamoja, ili pori lifyekwe na mbung'o wakose kivuli. Nia haikuwa mbaya, na wengi yamkini waliokoka kwa sababu hiyo. Lakini watu waliamriwa, hawakushauriwa. Waliacha mashamba, mizinga, na makaburi ya wazee wao. Na mahame waliyoyaacha yalirudiwa na pori, na pori likarudiwa na mbung'o. Mahali ambapo ukoo umekwisha kuhamishwa, kizazi cha tatu hakijui tena njia ya kurudi.

Twajifunza nini? Kwamba wema wa nia haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Mwenye elimu hana haki ya kumfanya asiye na elimu kuwa chombo cha wema wake. Karema ilimjua mtu wa namna nyingine, daktari na katekista Adriani Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akawatumikia wagonjwa wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hata kufa kwake mwaka 1956. Alikuja na elimu ya ng'ambo, wala hakudharau mitishamba ya wenyeji. Elimu yake haikumweka juu ya mgonjwa. Ilimweka kando ya kitanda chake.

Pingamizi la haraka

Limebaki pingamizi moja, nalo lina nguvu. Mfugaji atasema: "Mnaniambia ningoje na kuuliza, ilhali ng'ombe wangu wanakufa. Kungoja nako ni kutenda." Ni kweli. Mwenye kuchelewesha msaada pasipo sababu ana deni kwa Mungu.

Twajibu kwamba kipimo chetu hakimzuii mtu kutenda. Kinamwelekeza aanze na yale yanayorudishika. Unguja ilitenda hivyo. Wataalamu walilea mbung'o huko Tanga, wakawafanya madume kuwa tasa kwa mionzi, wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa. Dume tasa hana mtoto; kazi ikisimamishwa leo, naye hutoweka bila kuacha uzao. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Unguja mwezi Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa huru. Kweli Katavi si kisiwa, na mbung'o wetu wangerudi kutoka pori la jirani. Lakini mitego yenye dawa ipo, dawa za kuogeshea na kutibu ng'ombe zipo. Kwa malale ya watu, dawa ya zamani yenye aseniki iliwaua wagonjwa wapatao watano katika kila mia. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa ya vidonge, feksinidazoli, kwa malale ya Afrika Mashariki. Hayo yote yaweza kuongezwa leo bila kungoja herufi hata moja igeuzwe. Aliye na haraka ya kweli kwa ajili ya maskini ataanza hapo. Na wakati huo huo chupa ziendelee kufanya kazi, panya wachunguzwe kwa huruma, na ng'ombe wajaribiwe ndani ya boma lililofungwa, ili siku ya kuamua ikifika tuwe na maarifa badala ya hofu.

Yatupasayo

Basi, kwa jamaa zetu za Kikristo tunatoa mashauri matatu. Kwanza, wazazi wasiwakataze vijana wao masomo haya kwa kudhani ni ya shetani. Kijana wa Mpanda aliye hodari katika biolojia na aende mbele. Ni afadhali chupa ile ishikwe na mtu aliyewahi kumwona ng'ombe wa baba yake akianguka. Pili, siku wataalamu watakapokuja vijijini na ng'ombe mpya au mbung'o mpya, tusiwapokee kwa makofi wala kwa mawe. Tuwaulize maswali haya: Mkikosea, mtalirudishaje? Nani atafaidika, na mfugaji mwenye ng'ombe watano ataweza kununua mbegu hiyo au itabaki kwa matajiri? Ni nani waliokwisha kuulizwa, na ni nani waliosahauliwa? Asiyeweza kujibu hayo na arudi akajifunze zaidi. Tatu, halmashauri zetu zianze sasa kupanga malisho na maji, kwa maana huo ni wajibu uliopo leo, aje ng'ombe huyo au asije.

Jibu la swali letu ni hili. Ni halali kuzisoma herufi za uhai, na ni halali pia kuzigeuza kwa ajili ya kuponya na kulisha, maadamu mwenye kugeuza anakumbuka kwamba maandishi si yake. Lakini uhalali wa chupa haupandi ngazi wenyewe hadi porini. Katika kila daraja yatupasa kuuliza tena, na kuuliza kwa sauti, mbele ya watu wote watakaoishi na jibu. Mwenye Bustani atadai hesabu ya hindi tulilolima, na ya pori, na ya ng'ombe, na ya jirani ambaye tulimuuliza au hatukumuuliza.